Dambeli ya Kilo 2 Haiwezi Kukupa Mwili Uliokaza

Mwanamke akimwambia kocha kwamba anataka mwili uliokaza, nyama uzembe ziondoke na mikono isining'inie, mara nyingi anaondoka na mambo matatu: dambeli za kilo 2, seti (mafungu ya kurudia zoezi bila kupumzika) za marudio 30, na orodha ndefu ya vyakula vya kuacha. Baada ya miezi mitatu amepungua kweli, lakini mwili ni laini vilevile. Umekuwa mdogo tu. Kwa maoni yangu hakuna ushauri unaowapotezea wanawake muda na nguvu kama huu, maana unakosea pande zote mbili kwa pamoja: uzito hautoshi na chakula hakitoshi.

Tuanze na kitu chenyewe. Msuli hukua au husinyaa, na mafuta yaliyoufunika huongezeka au hupungua. Basi. Bega lililochongeka, paja gumu, mgongo wenye mstari katikati, vyote hivyo ni misuli ya kutosha chini ya tabaka la mafuta lisilo nene. Hakuna zoezi la kukaza lililo tofauti na zoezi la kujaza, wala marudio mengi hayageuzi mafuta kuwa misuli, kwa kuwa hizo ni tishu mbili na moja haiwezi kuwa nyingine.

Marudio 30 yenyewe hayana kosa. Misuli hukua kwa marudio 6 na hukua kwa marudio 30, mradi seti iishe ukiwa karibu kushindwa. Tatizo la kilo 2 ni kwamba unaacha kwenye 30 kwa sababu hesabu imeisha, ilhali mkono ungefika 60. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachowasihi wanawake wajifunze ni akiba. Ukimaliza seti, jiulize: ningeweza kuongeza marudio mangapi bila kuharibu mkao? Ikiwa ni 1 hadi 3, uzito ni sahihi. Ikiwa ni 10, hiyo ilikuwa ni kupasha mwili joto, hata kama umetoka jasho. Dalili ya wazi ni kasi: marudio mawili ya mwisho yanapanda polepole kuliko ya kwanza ingawa unasukuma kwa nguvu zote. Yasipopungua kasi, ongeza uzito.

Hapo ndipo hofu inapoingia: nitakuwa na mwili wa kiume. Testosteroni, yaani homoni ya kiume, ya mwanamke ni ndogo kuliko ya mwanamume kwa takriban mara 10 hadi 20, na kujenga hata kilo chache za misuli kunamchukua mwanamke mwaka mzima wa kazi ya kweli. Hidilyn Diaz wa Ufilipino alishinda dhahabu ya kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, katika kundi la kilo 55. Chuma cha ushindi alichokipandisha juu ya kichwa kilikuwa na kilo 127, zaidi ya mara mbili ya uzito wake, na hapo alikuwa ameshafanya kazi hiyo tangu utotoni. Uzito mkubwa pekee haumpanui mtu. Miili mipana sana ya jukwaani hutokana na miaka mingi ya kula kwa ajili ya kuongezeka, na mara nyingi na dawa za homoni. Wewe ukiona mapaja yanazidi ulivyotaka, unapunguza seti za mapaja, na kwisha. Mabadiliko yanakuja taratibu mno kukushtukiza.

Programu inayofaa mtu anayeanza ni ya siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku pumzika angalau moja. Iwe na mazoezi ya mwili mzima, yaliyogawanywa katika vipindi viwili vinavyopokezana. Kipindi cha kwanza: skwati (kuchuchumaa na kusimama) ukiwa umeshika dambeli moja kifuani, kuvuta dambeli kwa mkono mmoja ukiwa umeinama, kusukuma nyonga juu ukiwa umeegemea benchi, na pushapu. Kipindi cha pili: dedilifti ya Kiromania, kupanda benchi kwa mguu mmoja mmoja, kusukuma dambeli juu ya kichwa, na mashine ya kuvuta fimbo kutoka juu hadi kifuani. Kila zoezi seti 3 za marudio 8 hadi 12. Wiki hii ni kwanza, pili, kwanza. Wiki ijayo ni pili, kwanza, pili. Ukitaka kuongeza tumbo, planki (kujishikilia mwili ukiwa umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu) seti 2 mwishoni zinatosha. Anza na dakika 5 za kutembea haraka, kisha kabla ya zoezi zito piga seti 2 nyepesi, moja kwa nusu ya uzito wa kazi na nyingine kwa robo tatu. Saa moja inatosha kwa yote.

Katika hayo yote, dedilifti ya Kiromania ndiyo inayoharibiwa zaidi, na ndiyo inayojenga nyuma ya mapaja na makalio kuliko karibu zoezi lolote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Simama miguu ikiwa na upana wa nyonga, dambeli zikigusa mbele ya mapaja. Kunja magoti kidogo tu, kisha yaache hapohapo; yasizidi kukunjika. Sasa peleka makalio nyuma kama mtu anayesukuma mlango kwa makalio kwa sababu mikono imejaa mizigo. Kifua kinashuka kwa kuwa makalio yamerudi nyuma, wala hukishushi wewe. Dambeli ziteleze zikigusa mapaja, zipite magoti, zifike katikati ya ugoko. Shuka kwa sekunde 3. Mahali pa kusimama utapajua kwa mvuto mkali nyuma ya mapaja. Ukilazimisha chini ya hapo, mgongo unajikunja. Panda kwa kubana makalio, simama wima, usiegemee nyuma.

Ukiisikia kiunoni badala ya mapajani, angalia mambo mawili kwa mpangilio huu. La kwanza, dambeli zimeachana na miguu na kuning'inia mbele, na kila sentimita zinaposogea mbele kiuno kinabeba zaidi. La pili, umeshuka kuliko unavyoweza kunyooka. Jirekodi kwa simu ukiwa ubavu, marudio matatu tu, na kosa utaliona mara moja. Nikilinganisha na kioo, simu inasema kweli zaidi, maana ukigeuza shingo kujitazama kwenye kioo unakuwa umeshaharibu mkao.

Kusukuma nyonga juu kuna siri ndogo ya miguu. Ukingo wa benchi ukae chini kidogo ya mifupa bapa ya mabega mgongoni, uzito juu ya nyonga ukiwa umewekewa kitambaa kinene, kidevu kikielekea kifuani. Ukiwa juu, ugoko unapaswa kusimama wima. Unaposikia kazi inafanywa na mapaja ya mbele, miguu imekaa karibu mno na makalio. Unaposikia nyuma ya paja inakaribia kukakamaa, miguu iko mbali mno. Tua juu sekunde 1 kila rudio. Kwenye skwati, magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Yakiangukia ndani, uzito umezidi au unashuka haraka mno. Visigino vikinyanyuka, weka sahani mbili nyembamba za vyuma chini yake. Kwenye kuvuta dambeli, kiwiko kielekee nyongani; kikielekea sikioni, kazi yote inahamia shingoni. Pushapu anza mikono ikiwa juu ya benchi, na kila unapofikisha 12 kwa seti zote 3 tafuta mahali pa chini zaidi, hadi ufike sakafuni. Pushapu za magotini sizipendi kwa sababu hazimfundishi mtu kubana tumbo na makalio kwa pamoja.

Kati ya seti za mazoezi makubwa pumzika dakika 2 hadi 3. Ndiyo, zote. Wanawake wengi wanaona kupumzika ni uvivu, wanaunganisha zoezi na zoezi bila kupumua, moyo unakimbia, jasho linatoka, na mapafu yanachoka kabla ya misuli. Kipindi hicho kinakuwa kadio, yaani mazoezi ya moyo na pumzi, iliyobeba dambeli.

Sasa sehemu inayoamua kila kitu: kuongeza. Uwe na daftari. Andika zoezi, uzito, marudio. Tuseme leo skwati ya kilo 12 imekupa 10, 9, 8. Kipindi kinachofuata unatafuta 10, 10, 9. Siku utakayopata 12, 12, 12, unapanda kwenda kilo 14, marudio yanashuka tena hadi 9 au 8, na unaanza kupanda upya. Kwenye mazoezi ya juu ya mwili hatua ni kubwa mno: kutoka dambeli ya kilo 5 kwenda ya 7.5 ni ongezeko la nusu nzima, na hapo wengi hukwama na kudhani mwili umekataa. Haujakataa. Baki na kilo 5 hadi ufikishe marudio 15 au 16 kwa seti zote, ndipo uruke. Au seti ya kwanza fanya kwa 7.5 hata kama ni marudio 6, kisha mbili zilizobaki urudi kwenye 5. Asiye na jimu anaweza kutumia begi la mgongoni lenye chupa za maji: lita 1 ni kilo 1, na unaongeza nusu lita nusu lita.

Wiki chache za mwanzo nguvu hupanda haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuita misuli, kabla misuli yenyewe haijakua. Kwa hiyo usivunjike moyo kioo kisipobadilika ndani ya mwezi. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 ndipo nguo zinaanza kukaa tofauti. Nakusihi pia usibadilishe programu kila wiki kwa kisingizio cha kuushtua mwili. Zoezi ulilolifanya mara mbili hujalijua, na usichokijua huwezi kukiongezea uzito. Maumivu ya siku ya pili nayo si risiti ya kazi nzuri. Yanakuja na zoezi jipya na kupungua ukilizoea, hata kama misuli inaendelea kukua.

Tumbo linastahili neno lake, maana ndilo linalouzwa zaidi. Kukunja tumbo mara 200 kila usiku hakuchomi mafuta ya tumboni. Mwili huchukua mafuta kutoka kila mahali kwa mpangilio wake wa kurithi, na kwa wanawake wengi nyonga na mapaja huwa mwisho. Mafuta ya tumbo yanaondokea kwenye sahani.

Na kwenye sahani ndipo wanawake wanapojiumiza. Kwa mwenye mafuta ya kupunguza, upungufu wa kalori 300 hadi 500 kwa siku chini ya mahitaji unatosha. Mwili ushuke kwa nusu asilimia hadi asilimia 1 kwa wiki, na si zaidi. Mwanamke wa kilo 65 anayefanya mazoezi siku tatu mara nyingi anabaki pale alipo kwa kalori kama 2,000, hivyo 1,600 hadi 1,700 zinamtosha kupungua. Hizo 800 au 1,000 anazopewa na watu zinapunguza mizani haraka, lakini sehemu ya kinachoondoka ni misuli, yaani kilekile anachokitafuta jimu. Ambaye ni mwembamba tayari ila mwili ni laini hana haja ya upungufu wowote. Ale kiasi cha kumweka kwenye uzito uleule, anyanyue vyuma, na kwa anayeanza misuli itaongezeka huku mafuta yakipungua, mizani ikiwa haijasogea.

Protini ndiyo ya kupangwa kwanza: gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 65 ni gramu 104. Inaonekana nyingi hadi uigawanye. Asubuhi mayai 3 (gramu 18) na glasi ya maziwa (8). Mchana kikombe cha maharage yaliyopikwa (15) na kipande cha samaki cha gramu 120 (kama 28). Baadaye glasi ya mtindi (8). Usiku gramu 100 za kuku asiye na ngozi (30). Jumla ni 107, na yote hayo ni kama kalori 1,050 tu, hivyo zinabaki 600 na ushee za wali au viazi, mboga, matunda na mafuta ya kupikia. Wanga usiuondoe. Ndio unaojaza misuli nishati ya kunyanyua, na ukiuacha unapoteza uzito haraka siku za kwanza kwa sababu kila gramu ya nishati hiyo huhifadhiwa na maji yanayokaribia gramu 3. Ni maji yameondoka, na yatarudi.

Anayesema anakula kidogo na hapungui, mimi namwomba apime mafuta ya kupikia kabla ya kitu kingine. Kijiko kimoja kikubwa ni gramu 14, kalori kama 120. Chupa ikiinamishwa juu ya sufuria kwa jicho, vijiko vitatu vya ziada vinamwagika kwa sekunde, na hizo ni kalori 360, karibu upungufu mzima aliojipangia siku hiyo. Karanga ndivyo zilivyo: kiganja cha gramu 30 ni kalori kama 170, na nani anaishia kiganja kimoja? Ni chakula kizuri kabisa. Kipime tu kwa wiki mbili hadi jicho lijue.

Kujinyima kupita kiasi kuna gharama kubwa kuliko misuli. Hedhi ikianza kuruka, au ikikoma, mwili umezima uzazi kwa kukosa nishati. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, ikieleza jinsi nishati ndogo inavyogusa homoni, mifupa, kinga na moyo. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka mifupa inapungua, na mfupa uliopotea haurudi kirahisi. Miezi mitatu bila hedhi, na huna mimba, ni sababu ya kwenda kwa daktari na kuongeza chakula. Sikubaliani kabisa na wanaolisema hilo kama ishara ya nidhamu.

Madini ya chuma nayo: mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8. Anayepata hedhi nzito, anachoka kwenye ngazi na dambeli za mwezi jana zimemshinda, apime damu kabla ya kulaumu programu. Chai na kahawa hupunguza ufyonzwaji wa chuma kinachotoka kwenye maharage na mboga, kwa hiyo zisogeze saa moja mbali na mlo. Chungwa au limau hukisaidia kuingia.

Virutubisho vya kwenye makopo havihitajiki, isipokuwa kimoja ambacho kina faida ya kweli: kreatini, gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote. Inaweza kuongeza kama kilo 1 ya maji ndani ya misuli wiki za mwanzo, na watu huogopa na kuiacha. Mwenye tatizo la figo au mjamzito aulize daktari kwanza. Chai nyingi za kupunguza tumbo ni za kuharisha, ziache.

Kadio iwepo kwa ajili ya moyo: kutembea hatua 7,000 hadi 10,000 kwa siku, na ukipenda dakika 20 za kukimbia mara mbili kwa wiki, baada ya vyuma au siku nyingine. Usingizi saa 7 hadi 9. Na kwa waliojifungua, ukiona mkojo unatoka kidogo unaponyanyua, usione aibu wala usiache mazoezi moja kwa moja: punguza uzito, toa pumzi wakati wa kusukuma badala ya kuibana, na mwone mtaalamu wa viungo anayeshughulika na misuli ya nyonga. Tatizo hilo linatibika.

Kupima maendeleo, pima uzito asubuhi baada ya choo, kila siku, na utazame wastani wa wiki. Kabla ya hedhi mizani inaweza kupanda kilo 1 hadi 2 kwa maji, hivyo linganisha wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Futi ya kiunoni, nyongani na pajani kila wiki mbili, picha moja kwa mwezi mahali palepale penye mwanga uleule. Kiuno kikishuka na daftari likionyesha vyuma vinapanda, uko njiani hata mizani ikinyamaza. Wastani wa uzito na kiuno vikikaa palepale wiki 3 nzima, na ulikuwa umepanga kupungua, punguza kalori 100 hadi 150, au ongeza hatua 2,000. Usifanye vyote kwa pamoja.

Ukishafika umbo unalolitaka, siku 2 kwa wiki na seti 1 au 2 kwa kila zoezi zinatosha kuilinda misuli kwa miezi mingi, kwa sharti moja: uzito mkononi ubaki uleule. Seti zinaweza kupungua, uzito hapana. Kalori nazo rudisha 100 hadi 150 kila wiki hadi mizani itulie.